Wawili Porini, Gari Moja: Mnabeba Nini?

Kuna wapenzi wanaoelewana vizuri sana mezani, kwenye hoteli yenye taa hafifu. Hebu wapeleke porini siku nne, hema moja, gari moja, choo kiko mbali, ndipo utajua nani anamjua nani. Na nakwambia msomaji, ugomvi wenyewe wala hauanzii porini. Unaanzia sebuleni, wiki mbili kabla, mnapoamua pesa inunue nini.

Sisi tulikuwa tunakwenda Hifadhi ya Ruaha kupitia Iringa, mwezi wa Agosti. Fungu la vifaa lilikuwa laki saba, tena lilichotwa kwenye akiba yetu ya kiwanja, kwa hiyo kila shilingi ilikuwa inauma. Mwenzangu akataka friji ya gari. "Mpenzi, vinywaji vya baridi porini, fikiria!" Nikamjibu nimeshafikiria: friji ile itakula zaidi ya nusu ya pesa, na spea tunayo moja tu, nayo kipara. Tulinuniana siku mbili nzima. Mwishowe tukakubaliana tairi kwanza, kitakachobaki tutaona. Kilichobaki kilitosha kununua deli la kuwekea barafu.

Kwa nini ning'ang'anie tairi? Kwa sababu njia za porini zina miiba ya migunga na mawe makali. Pancha ya kwanza unabadilisha huku unacheka. Ya pili, kama huna spea, mnakaa hapo hapo mkisubiri gari lingine lipite, na simu mara nyingi haina mtandao. Halafu kuna mchanga. Ruaha ina mito ya msimu ambayo kiangazi hubaki mchanga mtupu. Tairi lililojaa upepo huzama mle kama kiatu cha mchuchumio ufukweni. Punguza upepo hadi kama 20 hivi, tairi litatandawaa na gari litapita. Ila ukirudi kwenye barabara ngumu ujaze tena kabla ya kukimbia, maana tairi laini kwenye mwendo hupata moto na kupasuka. Kwa hiyo unahitaji kipimo cha upepo na pampu ndogo inayotumia umeme wa gari. Ongeza koleo, kamba imara ya kuvutia, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao, kwenye mchanga jeki inazama, gari halinyanyuki hata inchi!

Maji sasa. Mimi nahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Watu wawili siku nne ni lita 40. Naongeza 20 za dharura. Hayo ni madumu matatu ya lita 20, yaani kilo 60, na mahali pake ni chini, ndani ya gari, yafungwe yasitembee. Ukiyapandisha kwenye keria gari linakuwa zito juu na kwenye mteremko linayumba vibaya. Juu weka vitu vyepesi: hema, magodoro, viti vya kukunja. Vyakula tuliviweka kwenye ndoo zenye vifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na hata kabla ya hapo ilikuwa haimzuii nyani yeyote. Vitunguu msihangaike navyo mjini, mtavikuta Ruaha Mbuyuni mkielekea Iringa.

Kina dada, jinzi yako ya bluu iliyokoza iache nyumbani. Mbung'o wanavutwa na rangi za bluu na nyeusi, na kuumwa na mbung'o si mchezo. Kaki na kahawia isiyokoza ndiyo mavazi ya huko. Nguo nzito moja ni lazima, usiku wa Agosti una baridi yake.

Jiko letu ni mtungi wa gesi wa kilo 6. Wanaopenda mkaa sawa, lakini msithubutu kuliingiza jiko hemani eti mjipashe joto. Moshi wake wenye sumu hauonekani wala haunuki, na umeua watu usingizini. Bora blanketi la ziada, na mwenzako yupo pembeni, au sivyo? Mabaki ya chakula na hata viatu viingie garini kabla ya kulala, fisi hachagui. Zipu ya hema ifungwe hadi mwisho, na kila mtu awe na tochi yake ya kichwani. Yake, si ya kushea. Saa nane za usiku, mmoja anapobanwa na haja na simba anasikika ng'ambo ya mto, hakuna mapenzi yanayogawana tochi.

Friji bado inazungumzwa. Safari hii ametafuta ya mtumba, na ameanza kunipikia chai asubuhi.