Uthibitishaji, Idhini na Ruhusa: Maneno Matatu na Mlango wa Duka la Mtandaoni

Mwaka juzi nilikuwa Ujiji nikikusanya msamiati wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Mwenyeji wangu, mfanyabiashara wa vitenge anayeuza pia kupitia tovuti, alinionyesha tahadhari aliyoletewa na kampuni inayohifadhi tovuti yake. Tahadhari hiyo, iliyokuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, ilisema kwamba programu-jalizi ya duka lake ilikuwa na “tatizo la uthibitishaji”. Aliposoma maneno hayo alifanya kile ambacho msomaji yeyote makini angefanya: alibadilisha nywila yake. Bei za vitenge zikaendelea kubadilika bila yeye kuzigusa. Akabadilisha nywila mara ya pili, kisha ya tatu. Baada ya wiki mbili, fundi mmoja aliisoma tahadhari ya asili na kubaini kwamba ilizungumzia idhini, si uthibitishaji. Dawa ilikuwa kusasisha programu-jalizi, kazi ya dakika chache. Nywila haikuhusika hata kidogo.

Makala haya yanafafanua tofauti kati ya maneno hayo, yanaeleza kasoro yenyewe, na yanapendekeza namna ya kuitaja kwa Kiswahili ili msomaji wa tahadhari ajue la kufanya.

Asili na maana

*Uthibitishaji* ni nomino inayotokana na kitenzi *thibitisha*, ambacho shina lake ni la Kiarabu lenye maana ya kuwa imara. Katika taaluma ya kompyuta, neno hili hutumika kwa tendo la kuhakikisha kwamba mtu ndiye anayedai kuwa. Nywila, alama ya kidole na namba ya siri inayotumwa kwenye simu ni nyenzo za uthibitishaji. Swali lake ni moja: *wewe ni nani?*

*Ruhusa* na *idhini* pia zina asili ya Kiarabu, lakini hazilingani kabisa. Ruhusa ni neno la matumizi mapana: mtoto huomba ruhusa ya kwenda kucheza, mfanyakazi hupewa ruhusa ya siku tatu. Idhini ina uzito wa mamlaka: Bunge huidhinisha bajeti, daktari huhitaji idhini ya mgonjwa kabla ya upasuaji. Mtu yeyote mwenye chake anaweza kutoa ruhusa, ilhali idhini hutarajiwa kutoka kwa mwenye mamlaka juu ya jambo mahususi, na mara nyingi huacha kumbukumbu. Swali la maneno haya mawili ni lingine: *je, umekubaliwa kutenda hili?*

Desturi ya hodi inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mgeni hubisha hodi, hujitambulisha, naye huitikiwa “karibu”. Kwa karibu hiyo ataingia sebuleni na kuketi. Hakuna Mswahili atakayeielewa kuwa ni ruhusa ya kuingia chumbani na kufungua kabati. Mgeni amejulikana, lakini kujulikana kwake hakujampa idhini ya kila kilichomo ndani ya nyumba.

“Anaweza” na “anaruhusiwa”

Kiswahili sanifu hutenganisha uwezo na ruhusa kwa vitenzi viwili. *Anaweza kuogelea* ni habari ya uwezo. *Anaruhusiwa kuogelea* ni habari ya idhini. Katika mazungumzo, *kuweza* huvuka mpaka huo mara kwa mara, kama mtu asemapo “naweza kuingia?” akiwa na maana ya kuomba ruhusa. Katika mazungumzo mkanganyiko huu hauna madhara, kwa kuwa msikilizaji huelewa kusudio.

Kompyuta haielewi kusudio. Kasoro tunayoizungumzia hapa, kwa lugha ya kawaida, ni programu kuchukulia kwamba anayeweza kutenda jambo ameruhusiwa kulitenda.

Kasoro inavyotokea

Tuchukue duka la kubuni linalouza dagaa kavu, migebuka na mawese ya Kigoma kupitia tovuti. Duka hilo limejengwa kwa WordPress, na kazi ya kuuza inafanywa na programu-jalizi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye programu kuu ili kuijaliza jambo ambalo haina. WooCommerce ni miongoni mwa programu-jalizi zinazojulikana sana kwa kazi hiyo, na juu yake huongezwa nyingine: ya kukokotoa nauli ya mzigo, ya kuponi, ya kupokea malipo.

Mwenye duka anapobonyeza kitufe cha kubadilisha bei, kivinjari chake hutuma ombi kwenye seva. Mteja haoni kitufe hicho, na mtunzi wa programu hudhani kwamba kwa kukificha amekwisha kulinda bei. Lakini kitufe si mlango. Ni kibao tu kinachoonyesha mlango ulipo. Anayejua umbo la ombi anaweza kulituma bila kubonyeza kitufe chochote. Seva ikilipokea, ikamwona mtumaji ana akaunti halali ya mteja, na isiulize zaidi, mfuko wa dagaa wa shilingi 25,000 utauzwa kwa shilingi 25.

Tazama kwamba mtumaji hakuiba nywila ya mtu. Alijisajili kwa jina lake, akaingia kwa njia ya halali, na uthibitishaji ukafanya kazi yake sawasawa. Swali la pili ndilo ambalo halikuulizwa. Wakati mwingine hata swali la kwanza haliulizwi, na mpita njia asiye na akaunti hufanikiwa vilevile.

Bei ni hasara inayoonekana. Kubwa zaidi ni orodha ya oda, yenye majina, namba za simu na makazi ya wanunuzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu nchini Tanzania azilinde. Hivyo mwenye duka hawezi kujitetea kwamba mlango uliachwa wazi na mtunzi wa programu-jalizi. Naye anayeingia bila uhalali kwenye mfumo wa mtu bado anakabiliwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama hakukuta kufuli.

Jina linalopotosha

Chanzo kimojawapo cha kasoro hii ni cha kilugha. Katika WordPress kuna amri iitwayo *is_admin*. Anayelisoma jina hilo kwa haraka hulielewa kama swali “je, huyu ni msimamizi?” Kumbe linauliza jambo lingine: je, ombi hili linahusu eneo la usimamizi la tovuti? Linauliza mahali, halimuulizi mtu. Mtunzi anayelitumia kama kizuizi huwa ameweka mlinzi anayetazama jina la barabara badala ya kumtazama mpitaji. Amri inayouliza idhini ni nyingine, *current_user_can*, nayo hutaka kutajiwa tendo mahususi: kuhariri bidhaa, kusimamia duka, kufuta mtumiaji.

Funzo la hongo

Wenyeji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hawahitaji mfano wa mbali kuhusu idhini ya tendo mahususi mahali mahususi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ililipa *hongo* kwa watawala wa nchi ilizozipita. Leo neno hili linamaanisha rushwa. Wakati ule lilikuwa malipo ya kukubaliwa kupita. Henry Morton Stanley, akienda Ujiji mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, alitozwa hongo mara kadhaa katika nchi ya Waha. Kumlipa mtawala mmoja hakukumpa haki ya kupita kwa mwingine. Alipoambiwa kwamba mbele yake walikuwapo wengine wa kulipwa, aliondoka na msafara wake usiku, akiongozwa na mtu aliyezijua njia za porini.

Kisa hicho kina mambo mawili ya kukumbukwa. La kwanza, idhini huulizwa katika kila mpaka. Iliyotolewa kwa mmoja haihamii kwa mwingine. La pili, kizuizi kilichowekwa njia kuu hakimzuii anayejua njia ya porini. Stanley aliweza kupita; hakuruhusiwa.

Mlinzi anapoondolewa

Mfano halisi wa mwaka 2018 unaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kujificha. WooCommerce ilikuwa na wadhifa wa meneja wa duka, aliyepewa uwezo wa kuhariri akaunti za watumiaji. Kizuizi cha kumfanya asiguse akaunti za wasimamizi wa tovuti kilikuwa ndani ya WooCommerce yenyewe, ilhali wadhifa na uwezo wake vilihifadhiwa katika WordPress. Watafiti walibaini kwamba kwa kutumia kasoro nyingine, meneja angeweza kufuta faili kuu la programu-jalizi hiyo. Programu-jalizi ikizimika, kizuizi kinatoweka nayo, lakini uwezo unabaki. Meneja angeweza basi kubadilisha nywila ya msimamizi na kuimiliki tovuti yote. Njia ya kufuta faili ilizibwa katika toleo la 3.4.6.

Kisa hiki si cha peke yake. Shirika la OWASP, linaloorodhesha hatari kuu za programu za wavuti, liliweka kasoro za udhibiti wa ufikiaji katika nafasi ya kwanza mwaka 2021. Mwaka 2017 zilikuwa za tano.

Namna ya kuitaja kasoro hii

Pamoja na kosa la kuandika *uthibitishaji*, liko la pili lililo gumu kuonekana: kuandika *ukosefu wa idhini*. Maneno haya yanasema kwamba mgeni hana idhini, na kwa hiyo kosa linaegemezwa kwake. Kumbe kilichokosekana ni ukaguzi: programu haikuuliza. Ninapendekeza *kutokagua idhini*, na kwa muktadha rasmi zaidi, *ukosefu wa ukaguzi wa idhini*. Mifano ifuatayo inasaidia:

- *Si sahihi:* Programu-jalizi ina tatizo la uthibitishaji. Mteja anaweza kubadilisha bei.
- *Si wazi:* Programu-jalizi ina ukosefu wa idhini.
- *Sahihi:* Programu-jalizi haikagui idhini kabla ya kubadilisha bei. Sasisha toleo lako.
- *Sahihi, kwa kasoro tofauti:* Programu-jalizi haithibitishi utambulisho wa mtumiaji kabla ya kumfungulia akaunti.

Kwa mwenye duka, neno sahihi huelekeza kwenye tendo sahihi. Tahadhari ikitaja nywila iliyovuja, badilisha nywila. Ikitaja kutokagua idhini, sasisha programu-jalizi; na kama sasisho halijatolewa, izime kwa muda, kisha pitia bei, oda na orodha ya watumiaji wenye nyadhifa. Kwa mfasiri, kabla ya kuandika “uthibitishaji”, jiulize ni swali lipi ambalo programu ilisahau kuuliza: *wewe ni nani*, au *umekubaliwa kutenda hili?* Mwenyeji wangu wa Ujiji alipoteza wiki mbili za biashara kwa sababu mtu mmoja hakujiuliza hivyo.