Fedha Iliyowarudisha Askari Kwao

Ndugu msomaji, ukiulizwa ni nini kishindacho vita, bila shaka utajibu: askari na bunduki. Hukosei. Lakini iko silaha nyingine isiyotoa moshi wala mlio, nayo ni fedha. Sikiliza jinsi ilivyofanya kazi huko Misri.

Mwezi wa Julai, 1956, Rais Nasser alitangaza kwamba mfereji wa Suez ni mali ya Misri. Waingereza na Wafaransa, wenye hisa katika kampuni ya mfereji ule, walikasirika sana. Wakapatana na Israeli kwa siri, na mwanzoni mwa Novemba wakashusha askari wao Port Said, wengine kwa miavuli, wengine kwa meli. Kwa bunduki walikuwa wakishinda. Mbona basi waliacha vita baada ya siku mbili tu?

Jibu liko benki. Marekani haikuvipenda vita vile. Watu wenye paundi za Kiingereza walikuwa wakiziuza kwa hofu, na akiba ya Uingereza ikapungua upesi. Uingereza ilipohitaji mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Marekani ikakataa kuuunga mkono mpaka askari waondoke. Haikupiga hata risasi moja. Kabla ya Krismasi askari wa mwisho wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wamekwisha panda meli kurudi kwao.

Je, tuseme basi kwamba siku za askari wa nchi kavu zimekwisha? La! Utazame mwaka 2022. Urusi ilipoingiza majeshi yake Ukraine tarehe 24 Februari, Marekani na nchi za Ulaya zilizuia akiba ya Urusi iliyowekwa kwao, yapata dola bilioni 300. Hata hivyo Urusi haikurudi nyuma. Ilikuwa na mafuta ya kuuza, na wanunuzi kama China na India hawakukosekana. Miaka ikapita, na vijana wa pande zote mbili wakaendelea kufa ndani ya mahandaki, kama babu zao.

Waona tofauti? Uingereza ilikwenda vitani huku ikihitaji mkopo; Urusi ilikuwa na cha kuuza. Fedha humbana yule anayemtegemea mwenzake.

Wala usidhani kwamba vita hivyo havikufiki wewe. Utakumbuka mwaka ule wa 2022 jinsi mbolea, mafuta ya taa na unga wa ngano vilivyopanda bei dukani, nawe huna ugomvi na mtu wa Ukraine wala wa Urusi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Basi, kijana akisema kwamba vita vya siku hizi ni vya benki tu, mwonyeshe mahandaki ya Ukraine. Na mzee akisema kwamba nguvu ya nchi ni jeshi tu, mkumbushe Suez. Taifa ni kama nyumba: kukopa harusi, kulipa matanga.