Je, Wajua? Mbwa wa Pili: Dume au Jike?

Je, wajua kwamba katika vijiji vingi vya Tanzania mbwa madume ni wengi kuliko majike, ingawa huzaliwa karibu sawa kwa sawa? Tofauti hiyo inatokana na watu. Huku Mbulu na Hanang, mwenye boma akitaka mbwa wa pili hafikirii sana, anataka dume, kwa kuwa jike "atatujazia watoto". Vitoto vya kike hukosa wa kuvichukua, na vingi havifiki umri wa kubweka.

Je, wajua kwamba jike halindi vibaya kuliko dume? Watafiti wa Marekani waliofuatilia mbwa wa kulinda kondoo miaka ya 1980 hawakukuta tofauti ya maana kati ya jinsia hizo mbili. Na anayedhani fisi humwogopa dume tu akumbuke kwamba kwa fisi madoa wenyewe, jike ndiye mwenye mwili mkubwa na ndiye mwenye amri kundini.

Je, wajua nani hupigana na nani? Hapa ndipo penye jambo. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha uchunguzi wa jozi 38 za mbwa waliokuwa wakipigana ndani ya nyumba moja. Karibu jozi nne katika kila tano zilikuwa za jinsia moja, na majike walihusika kuliko wengi walivyotegemea. Mara nyingi mchokozi alikuwa mgeni, si mwenyeji.

Utasema hao ni mbwa wa Kizungu, wanalala sebuleni. Haya, kaa bomani jioni, ng'ombe wakishaingia. Mtoto anakwangua sufuria na kurusha ukoko wa ugali katikati ya madume wawili. Mkubwa hangurumi. Anakaza miguu, mkia juu, manyoya ya mgongo yanasimama. Mdogo, ambaye asubuhi alikuwa anamlamba masikio, leo haondoi macho. Ukimya huo ukizidi sekunde chache, kinachofuata ni damu. Vyombo viwili vya chakula, kimoja mlangoni na kingine kule zizini, huzuia mengi kuliko fimbo.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: usianze na jinsia unayoipenda, anza na aliyepo nyumbani. Una dume, leta jike. Una jike, leta dume. Halafu jiandae kwa yanayofuata.

Je, wajua kwamba uzoefu wa ng'ombe humdanganya mfugaji kwenye mbwa? Joto la ng'ombe halimalizi siku, na hurudi kila baada ya siku 21 hivi. La mbwa huchukua wiki tatu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Siku tisa hivi za kwanza jike anatoa damu na kuwafukuza madume. Kisha damu inapungua, watu wanasema yamekwisha, wanamfungulia. Kumbe ndiyo kwanza ameanza kukubali! Siku 63 baadaye kuna sauti ndogo ndogo nyuma ya ghala.

Ndugu wa tumbo moja nao hupandana bila wasiwasi wowote, kwa hiyo kuchukua kaka na dada kutoka uzao mmoja si dawa ya chochote.

Je, wajua kwamba uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili au watatu? Yule wa manjano ni wa dume lako, yule mwenye mabaka ni wa jirani. Na jike akizaa watoto wa kike watupu, asilaumiwe, kwa kuwa mbegu ya dume ndiyo inayoamua jinsia, kama kwa binadamu.

Je, wajua kwamba wengi hubebeshwa jike wakiambiwa ni dume? Kitoto kinatolewa kwenye kiroba, kinageuzwa haraka, muuzaji anaonyesha kidole: "Si unaona?" Anachoonyesha huenda ni kovu la kitovu. Dume ana tundu la mkojo tumboni, chini kidogo ya kitovu. La jike liko chini ya mkia. Usitafute korodani kwa kitoto cha wiki tano, huenda bado hazijashuka.

Je, wajua kwamba kuna saratani inayoambukizwa kwa kupandana? Seli za uvimbe zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa, na ukoo wake ulianza kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Hupatikana sana kwa mbwa wanaozurura. Jike akidondosha damu wiki baada ya wiki, nje ya majira yake ya joto, usiseme ni joto tu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Madume nao huupata. Ugonjwa huu unatibika mara nyingi kwa sindano za vinkristini zinazorudiwa kila wiki.

Je, wajua kwamba tumbo la jike lako linaingia hadi kwenye hesabu ya kichaa cha mbwa? Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vya watu karibu 1,500 kwa mwaka nchini kutokana na ugonjwa huo. Ili kuuzima, shabaha inayotumika ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Sasa kampeni ikishapita kijijini, kila kitoto kinachozaliwa baadaye hakina kinga, na asilimia inashuka bila mbwa hata mmoja kuikataa sindano. Kitoto cha chini ya miezi mitatu kinaweza kuchanjwa, kwa hiyo usikiache nyumbani siku ya chanjo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kusubiri kuona kama mbwa atakufa ni kucheza na roho yako.

Je, wajua kwamba dume aliyehasiwa leo bado anaweza kutia mimba? Mbegu zilizobaki njiani hudumu wiki kadhaa, basi mtenge na jike kwa mwezi mzima. Kumtoa jike kizazi ni upasuaji mkubwa zaidi na gharama yake iko juu, ila humwepusha na usaha wa kizazi, ugonjwa unaowaua majike wengi waliokomaa bila mwenye mbwa kujua kilichowaua. Kama fedha inatosha mmoja tu, na jike hatoki nje ya uzio, mhasi dume. Kama anazurura, na huku wengi huzurura, fedha hiyo iende kwa jike, maana dume wako akihasiwa, wa jirani wapo.