Mev: Programu Inayoripoti Matendo ya Kipanya

Makala haya yanakusudia kueleza programu ndogo iitwayo mev, ambayo kazi yake ni kutoa taarifa ya kila tendo la kipanya cha kompyuta katika skrini ya maandishi matupu. Huenda msomaji akauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi tunaoshughulikia lugha? Jibu ni kwamba programu hii hutuwezesha kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: lililotendwa na mkono, na lililoamuliwa na mashine juu ya tendo hilo.

Ikumbukwe kwanza kwamba kipanya hakikuanza pamoja na picha na madirisha tuliyoyazoea. Douglas Engelbart alikionyesha mbele ya hadhara mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Mwaka 1991, Linus Torvalds wa Finland alipotoa Linux, mtumiaji alikuwa akikabiliana na skrini ya herufi tu, kwa kawaida mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja. Ili kipanya kitumike katika mazingira hayo, Andrew Haylett aliandika programu ya kuchagua na kunakili maandishi. Alessandro Rubini aliipanua, na hivyo ikapatikana gpm, programu ifanyayo kazi kimya nyuma ya nyingine zote. Mev imo katika furushi la gpm. Iliundwa kwa kuiga xev, ambayo hufanya kazi ya namna hiyo katika mazingira ya madirisha.

Utaratibu wake ni huu. Kipanya chenyewe hakijui kilipo katika skrini. Hupeleka tu habari za kiasi kilichosogea na vitufe vilivyobonyezwa. Gpm hupokea habari hizo, hukokotoa safu na mstari ambapo kiashiria kipo, kisha huipasha habari programu iliyojiandikisha kwake. Mev hujiandikisha kama programu nyingine yoyote. Lakini badala ya kutenda jambo, huandika mstari mmoja kwa kila tukio: aina ya tukio, mahali lilipotokea, umbali uliosogezwa, na vitufe vilivyohusika.

Aina za matukio hutajwa kwa tarakimu. Kusogeza ni 1, kuburuta ni 2, kubonyeza ni 4, kuachilia ni 8. Kubonyeza mara moja huongezewa 16, mara mbili 32, mara tatu 64. Vitufe navyo vina tarakimu zake: cha kulia ni 1, cha kati 2, cha kushoto 4. Tarakimu hizi hazikuchaguliwa ovyo. Kila moja ni maradufu ya ile iliyoitangulia, na kwa sababu hiyo jumla yoyote huchambulika kwa njia moja tu. Tukisoma kwamba vitufe ni 5, twajua bila shaka kwamba cha kushoto na cha kulia vimebonyezwa pamoja. Vilevile, anayetaka kuona kubonyeza na kuachilia tu huiamuru mev ichague 12, yaani 4 na 8.

Sasa tutazame mfano. Mtu anabonyeza kitufe cha kushoto mara mbili juu ya neno. Mbonyezo wa kwanza ni 4 na 16, jumla 20. Wa pili watazamiwa kuwa 4 na 32, jumla 36. (Mev huandika aina ya tukio kwa hesabu ya msingi wa 16, hivyo 20 huonekana kama 14, na 36 kama 24.) Lakini mkono wake ukiwa mzito, wa pili nao hutoka 20. Kwa nini? Kwa sababu gpm ina kikomo cha muda: kama hakikubadilishwa, ni milisekunde 250, yaani robo ya sekunde, kati ya kuachilia na kubonyeza tena. Akikipita, mashine huhesabu mibonyezo miwili ya pekee.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mara ngapi mzee, au mwanafunzi aliyegusa kompyuta kwa mara ya kwanza, ameambiwa kwamba hajui kubonyeza? Mev yaonyesha kwamba alibonyeza mara mbili, sawasawa na alivyoagizwa. Kilichomkataa ni kikomo kilichowekwa na mtu mwingine, nacho hubadilishwa kwa amri moja: gpm ikianzishwa kwa kikomo cha 500, mkono uleule utaeleweka.

Kwa njia hiyohiyo hutafutwa makosa mengine. Ikiwa mev haiandiki chochote, kasoro i katika kifaa, waya au gpm. Ikiwa mistari ni sahihi lakini programu fulani haitii, kasoro i katika programu hiyo.

Wanaisimu watalitambua tatizo hili. Anayenakili mazungumzo kutoka kwenye utepe hudhani kwamba anaandika alichosikia tu. Kumbe amekwisha kuamua kimya cha urefu gani ndicho mwisho wa sentensi. Hata taarifa iliyo kavu kabisa ina uamuzi ndani yake. Neno «mara mbili» katika mev si sauti ya mkono, bali ni hukumu ya saa ya gpm.

Kwa kumalizia, tunasema kwamba thamani ya mev si wingi wa kazi zake, maana ni chache. Thamani yake ni kwamba hulazimisha swali sahihi liulizwe kwanza. Kabla ya kusema kwamba mtu amekosea, tutazame alichotenda; kisha tutafute ni nani aliyeweka kipimo, na kama kipimo hicho chafaa kwa watu wanaopimwa.