Picha tisa, bibi mmoja: namna ya kuunga picha ya mtu, na kwa nini uwasikilize wanaoiangalia

Leo naomba tuongelee mambo ya picha kidogo, hasa kwa vijana wenzangu mnaopenda kamera lakini mfuko haujakubali zile kubwa za bei mbaya.

Chanzo ni hiki. Babu yangu alipofariki, kule nyumbani Bonga, hapa hapa Babati, tulitafuta picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Nyumba nzima ilikuwa na moja tu, paspoti saizi, imekunjwa pembeni. Tukaipeleka mjini ikaskaniwe na kukuzwa. Ilirudi uso umegeuka ukungu, macho yamekuwa madoa mawili meusi. Shangazi akasema, "Huyu tunayemzika simjui." Sikujibu, ila nikajiapiza kwamba bibi hataondoka hivyo.

Nikaazima kamera ya zamani ya pikseli milioni 6, yenye lenzi moja ya milimita 50. Mwenye nayo akanicheka: kwa kamera hii utapata picha ya ukutani? Kumbe inawezekana, ila si kwa picha moja.

HESABU YAKE NI HII

Kamera ile ukiisimamisha wima inatoa picha yenye pikseli 2,000 kwa upana na 3,008 kwa urefu. Picha ya ukutani niliyoitaka ni ya inchi 16 kwa 20. Gawanya 2,000 kwa 16, unapata pikseli 125 kwa kila inchi. Hapo ukisogea karibu unaona mambo yamelegea. Kwa picha ya kuangaliwa kwa karibu, mafundi wengi wanataka 300.

Sasa piga picha tisa, safu tatu za picha tatu tatu, kila moja ikiilalia jirani yake kwa asilimia 30 hivi. Ya kwanza unaihesabu nzima, ya pili inaongeza asilimia 70, ya tatu inaongeza 70 nyingine. Jumla ni mara 2.4. Kwa hiyo upana unakuwa pikseli 4,800 na urefu zaidi ya 7,200. Gawanya 4,800 kwa 16: ni 300 kamili! Na urefu unabaki wa kukata. Kamera ni ile ile, hujanunua kitu.

Kuna faida ya pili. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa tundu lake hadi f/1.8 inampa mtu ukali na kuacha vya nyuma vikiwa laini, lakini inaona eneo dogo. Ukiunga picha tisa unapata eneo pana na ulaini ule ule. Ni kama umepiga kwa lenzi ya milimita 21 yenye tundu la f/0.75, na lenzi ya hivyo dukani huipati. Aliyeueneza ujanja huu kwa picha za watu ni Ryan Brenizer, mpiga picha za harusi wa New York, mpaka wengi wanauita kwa jina lake.

Lakini kuunga picha ya mtu si jambo la jana. Mchoraji Mwingereza David Hockney, mwaka 1982, alimpiga mama yake picha nyingi kwenye magofu ya Bolton Abbey akazibandika pamoja, mishono ikionekana makusudi. Na huku kwetu pwani, Omar Said Bakor wa studio ya Bakor, Lamu, alikuwa akikata na kuunganisha picha za watu kwa mkono, wengine akiwatia ndani ya maua, miaka mingi kabla ya kompyuta kufika mitaani.

KOMPYUTA INASHONAJE?

Programu inatafuta kwenye kila picha vituo vinavyotambulika: kona ya dirisha, doa ukutani, ncha ya jani. Halafu inatafuta vituo hivyo hivyo kwenye picha ya jirani, inavioanisha, kisha inazipinda picha mpaka vikutane. Watafiti Matthew Brown na David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha mwaka 2003 jinsi kompyuta inavyoweza kufanya kazi hii yenyewe, na programu yao ya AutoStitch ikatokana na hapo. Mimi nilitumia Hugin, ambayo ni ya bure. Photoshop nayo inashona.

Hapo jihadharini na vitu viwili. Ukuta mtupu au anga jeupe havina vituo, programu inabaki inatapatapa. Na kanga! Maua ya kanga yanajirudia, kwa hiyo programu inaweza kudhani ua la begani ndilo la gotini. Hugin inakuruhusu kufuta vituo vya uongo na kuweka vyako kwa mkono. Fanya hivyo, ni dakika kumi tu.

RAUNDI YA KWANZA: AIBU

Nilimkalisha bibi kwenye kigoda mlangoni, nikasimama mita moja na nusu mbele yake, nikapiga picha 24. Nikashona usiku. Nikaona nimemaliza dunia. Kesho yake nikatoa nakala ndogo kwenye karatasi ya kawaida, nikaanza kuitembeza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa swali. Niliuliza, "Nzuri?" Kila mtu akajibu, "Nzuri sana, hongera." Wabongo hatupendi kumvunja mtu moyo usoni. Hongera kumi hazikunisaidia chochote. Nikabadilisha. Nikawa nampa mtu karatasi, nakaa kimya, halafu nauliza mambo mawili tu: jicho lako limeanzia wapi, na kuna kitu gani kinakusumbua hata kama hujui jina lake? Hapo ndipo mvua iliponyesha.

Binamu yangu wa darasa la tatu: "Bibi ana vidole sita." Kweli. Bibi alisogeza mkono kati ya picha moja na nyingine, na mshono ukapita kiganjani.

Fundi wa studio mjini aliangalia sekunde tano tu: "Kijana, hii ina viraka. Uliacha kamera ijiamulie mwanga." Kweli tena. Ukuta upande mmoja ulikuwa wa njano, upande wa pili wa kijivu. Kila picha kamera ilikuwa inapima mwanga upya.

Jirani yetu fundi mwashi hajui kitu kuhusu kamera, lakini alisema: "Mwimo wa mlango umevunjika. Mlango huo nimeujenga mimi, umenyooka."

Shangazi alikaa nayo muda mrefu. Mwisho akasema, "Umempiga ukiwa umesimama, unamtazama kwa juu. Umemfanya mama yangu mtoto."

Hilo la shangazi ndilo lililoniuma, maana lilikuwa kweli na hakuna programu ya kulirekebisha.

RAUNDI YA PILI: KUREKEBISHA MOJA MOJA

Nilichojifunza ni kuchambua maoni kabla ya kukimbilia kamera. Yale yanayorudiwa na watu wawili watatu ni kosa la kweli. Yale ya mtu mmoja yanaweza kuwa ladha yake. Na mtu akikwambia dawa ("ongeza rangi"), mwulize anaumwa wapi kwanza.

Vidole sita. Dawa si kumwambia mzee asitikisike dakika nzima, huko ni kumtesa. Dawa ni kurudi nyuma. Nilirudi hadi mita tatu, na kwa lenzi ile picha moja ya wima ikameza karibu mita moja kwa upana na mita moja na nusu hivi kwa urefu. Bibi akiwa ameketi anaingia wote, uso na mikono, ndani ya picha moja. Hiyo unaipiga kwanza. Ukimaliza unamwambia, "Bibi, tulia kidogo tu," unamalizia nane za kuzunguka, ambazo karibu zote ni ukuta, udongo na mlango. Ukuta hautikisiki. Kwenye Hugin unaweza pia kuzifunika picha za pembeni pale zinapomgusa mtu, ili mwili wote utoke kwenye ile ya katikati. Faida nyingine: uso ukiwa katikati haupindwi. Ukiuweka pembeni programu inauvuta kama chapati.

Viraka vya mwanga. Geuza kitufe cha juu hadi herufi M, upange mwenyewe tundu, kasi na ISO, na usivibadilishe mpaka umalize. Rangi nayo, usiache kamera ijichagulie. Funga kwenye "kivuli" au "jua". Fokasi weka kwenye macho, kisha izime ile ya kujiendesha. Na piga asubuhi chini ya kivuli cha paa, si wakati mawingu yanapita na kuachia.

Mlango uliovunjika. Huu ndio ugonjwa ambao wengi hawauelewi. Fumba jicho moja, nyoosha kidole gumba mbele ya ukuta, sogeza kichwa kushoto na kulia. Kidole kinahama ukutani, sivyo? Mimi nilikuwa nazungusha kiuno, kwa hiyo kamera ilikuwa inatembea kwenye duara, na kila picha iliona mwimo wa mlango kutoka sehemu tofauti. Milima ya mbali haijali, lakini mtu aliye karibu na mlango ulio nyuma yake wanapishana.

Nilipomweleza mwashi akacheka, akaniletea timazi. Nilifunga uzi kwenye lenzi, risasi ikaning'inia mpaka karibu na ardhi, nikaweka kijiwe chini yake. Kila picha nikawa nazungusha kamera na mimi naizunguka, risasi isihame juu ya kijiwe. Stendi maalumu ya kazi hii ipo madukani. Timazi iko kwa jirani yako.

Kumtazama kwa juu. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, lenzi ikawa sawa na kifua cha bibi. Basi. Hilo halikuhitaji hesabu, lilihitaji adabu.

RAUNDI YA TATU: BIBI MWENYEWE

Picha ya pili ilitoka safi. Mlango umenyooka, vidole vitano, rangi moja. Fundi wa studio akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajua kazi imekwisha, nikampelekea bibi mwenyewe, ambaye mpaka hapo, naona haya kusema, sikuwa nimemwuliza.

Aliishika mbali kidogo, akaisogeza karibu. Akauliza, "Mume wangu, shamba liko wapi?"

Nikamweleza kwamba nimeacha nyuma pawe laini ili yeye aonekane. Niliipenda sana ile nyuma. Ndiyo iliyonifanya nianze haya mambo. Pembeni mwa nyumba, kule kulikokuwa na mahindi na mbaazi, palikuwa na ukijani tu umeyeyuka vizuri kama kwenye magazeti.

Akasema, "Mimi na babu yako tulilima pale tangu nilipoletwa hapa. Wewe umefuta. Atakayeiangalia atajuaje mimi ni nani?"

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka picha ni ya nani.

Raundi ya tatu nikafunga tundu hadi f/8, kasi sekunde 1/125, ISO 400, nikasogeza kigoda kidogo ili shamba liingie upande wa kulia. Ule ulaini niliousoma kwa Brenizer ukapotea karibu wote. Mahindi yakahesabika. Fundi wa studio alipoiona akasema ile ya pili ilikuwa na "utaalamu" zaidi, na kwa macho yake hakukosea. Ila shangazi alipoiona alikaa chini, na binamu wa darasa la tatu, bila kuulizwa, akaonyesha kwa kidole: "Ule si mbaazi wa karibu na shimo?" Nikajua nimefika.

Tuliiprinti inchi 16 kwa 20. Iko sebuleni Bonga. Ukisogea karibu unaona mikunjo ya mkono, na ukiangalia pembeni unaona shamba. Kando yake shangazi ametundika ile ya babu, ile ya ukungu, ndani ya fremu ya saizi ile ile. Hiyo siwezi kuishona, hakuna kipande cha pili.

KWA UFUPI, KWA ATAKAYEJARIBU

Simama mita tatu, si moja. Piga mtu mzima katika picha moja kwanza, halafu nane za kumzunguka, zilaliane kwa theluthi. Funga mwanga, rangi na fokasi. Zungusha kamera juu ya kijiwe. Tunza kila toleo, usifute la kwanza, maana huwezi kujua umepanda au umeshuka bila kulinganisha. Rekebisha kosa moja kwa wakati. Na waulize watu wa aina tatu: anayejua kazi, asiyejua kitu, na yule aliye ndani ya picha. Mimi wa tatu nilimweka mwisho. Ningemwanza yeye ningeokoa raundi moja nzima.

Simu ya kawaida inatosha kuanzia, ilimradi uweze kufunga mwanga na fokasi. Kwa hiyo kama nyumbani kuna mzee ambaye picha yake pekee iko kwenye kitambulisho, usingoje kamera ya ndoto. Nenda wikiendi hii, msalimie, kaa kwenye ndoo.

Nawakilisha.