Kisichoorodheshwa Hakihesabiwi: Data za Utafiti na Sisi Wanaisimu wa Lugha za Kiafrika

Asistanti anapoomba kupanda cheo awe chef de travaux, na baadaye profesa, kuna maswali mawili yanayoulizwa juu ya faili lake: amechapisha wapi, na nani ametumia kazi zake? Zamani jibu lilitolewa na wenzake waliozisoma kazi hizo. Leo, katika vyuo vikuu vingi duniani, sehemu ya jibu hutolewa na kompyuta kwa tarakimu. Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunapaswa kujua tarakimu hizo zinatoka wapi, kwa sababu kazi nyingi tunazozitegemea hazimo katika hesabu.

Mwaka 1955, Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza makala za sayansi ziorodheshwe kwa kufuata marejeo yake: nani amemtaja nani. Mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ilitoa Science Citation Index. Lengo la mwanzo lilikuwa kumsaidia mtafiti kutafuta makala zinazohusiana. Kwa kuwa haikuwezekana kuorodhesha majarida yote ya dunia, majarida yalichaguliwa. Orodha hiyo ndiyo iliyozaa Web of Science, ambayo leo ni mali ya kampuni ya Clarivate. Mwaka 2004 Elsevier ilianzisha hifadhidata nyingine, Scopus. Elsevier yenyewe ni mchapishaji mkubwa wa majarida: anayeuza nafaka sokoni ndiye pia mwenye mizani.

Ili jarida liingie Scopus, ni lazima liwe na namba ya ISSN, makala zake zikaguliwe na wataalamu, litoke kwa wakati, na liwe na vichwa vya makala na ikisiri kwa Kiingereza. Masharti haya yana maana, lakini yanaegemea upande mmoja. Jarida linalotoka pale tu pesa ya karatasi inapopatikana haliwezi kuyatimiza, hata kama makala zake ni nzuri. Jarida linaloandikwa kwa Kiswahili tupu, kuanzia kichwa hadi ikisiri, litaombwa kwanza livae nguo ya Kiingereza.

Tuone matokeo yake kwa mfano wa kufikirika. Mhadhiri ana kazi kumi na mbili: kitabu cha sarufi ya Kihemba, sura tatu katika vitabu, makala tano katika jarida la fakulteti, na makala tatu katika majarida ya nje. Hifadhidata inaziona hizo tatu za mwisho tu. Sasa kuna kipimo kinachoitwa h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mtafiti ana h ya 5 ikiwa kazi zake tano zimetajwa kila moja mara tano au zaidi. Kwa hiyo h ya mhadhiri wetu haiwezi kamwe kuzidi 3, hata kama sarufi yake imetajwa mara mia moja. Hesabu yenyewe haina kosa. Orodha iliyotumika ndiyo fupi.

Kipimo kingine ni kigezo cha athari cha jarida. Hesabu yake ni hii: idadi ya mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimetajwa mwaka huu, igawanywe kwa idadi ya makala hizo. Miaka miwili inafaa fani zinazokwenda mbio. Katika isimu ya Kibantu, kazi ya A. E. Meeussen kuhusu uundaji upya wa sarufi ya Kibantu ilitoka Tervuren mwaka 1967 na mpaka leo tunafundishwa kwayo. Kila tunapoitaja, kigezo hicho hakisogei hata kidogo. Sarufi na kamusi hukua polepole kama mti wa embe. Kipimo hiki kinataka mchicha.

Upande wa pili kuna mifumo huria. Crossref, iliyoanzishwa mwaka 2000, huandikisha kitambulisho cha kudumu cha kila makala, yaani DOI, pamoja na taarifa zake. Mwaka 2017 ulianza wito wa kuwataka wachapishaji wafungue orodha za marejeo yao ili kila mtu aweze kuhesabu mwenyewe. Mwaka 2022 shirika lisilo la faida la OurResearch lilizindua OpenAlex, ambayo data zake hutumiwa bure bila masharti ya hakimiliki. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Sorbonne kiliacha kulipia Web of Science na kuelekea OpenAlex. Mwaka huohuo chuo cha Leiden, Uholanzi, kilitoa toleo la wazi la orodha yake ya vyuo vikuu kwa kutumia data hizohizo.

Je, sasa tunaonekana? Si lazima. Mfumo huria nao huokota kile kilichowekwa njiani. Makala iliyobaki kwenye karatasi katika kabati la maktaba haiokotwi na mtu.

Tena kuna mambo mawili yanayotugusa sisi hasa. La kwanza ni lugha. OpenAlex haisomi makala nzima ili kujua lugha yake. Programu hukisia kwa kutazama kichwa na ikisiri. Ukiandika kurasa kumi na tano za Kiswahili, kisha ukaweka kichwa na ikisiri kwa Kifaransa, makala yako inaweza kuandikwa kuwa ya Kifaransa. Atakayehesabu utafiti unaofanywa kwa Kiswahili hatakuona. La pili ni majina. Sisi Wakongomani tuna jina, postnom na prénom, na mpangilio wake hubadilika kutoka jarida hadi jarida. Mtu mmoja anagawanywa kuwa watafiti watatu, na akina Ilunga watano wanaunganishwa kuwa mmoja.

Tofauti kubwa ni kwamba katika mfumo huria kosa linaonekana na mtu yeyote anaweza kuomba lirekebishwe. Katika mfumo wa kulipia, chuo kisicho na pesa ya usajili kinapimwa kwa mizani ambayo hakiruhusiwi hata kuitazama kwa karibu.

Yapo tunayoweza kuanza nayo bila kusubiri bajeti. Kila mwanafunzi na mhadhiri anaweza kujiandikisha ORCID bure, apate namba moja ya kudumu kwa jina lake, kwa mpangilio wowote litakaloandikwa. Zenodo, inayoendeshwa na CERN tangu 2013, hutoa DOI bila malipo, na ina sehemu ya kutaja lugha ya kazi: tuijaze. Tuandike pia ikisiri ya Kiswahili kila tunapoandika kwa Kiswahili, na zile za lugha nyingine zifuate.

Lakini hata orodha kamili haitasoma kazi kwa niaba yetu. Azimio la San Francisco, DORA, lililotangazwa mwaka 2013, linataka utafiti usipimwe kwa kigezo cha jarida ulimochapishwa. Manifesto ya Leiden ya 2015 inataka tarakimu zisaidie maamuzi ya wataalamu badala ya kuchukua nafasi yake, na utafiti wenye manufaa kwa mahali pake ulindwe.

Hili linaanzia kwetu, mwaka ule mwanafunzi anapochagua mada. Akiona kwamba kueleza toni za Kisanga kwa Kiswahili kunampa sifuri, na kwamba kurudia nadharia ya wengine kwa Kiingereza kunampa alama, atachagua alama, na hatuwezi kumlaumu. Wazee wanaojua toni hizo hawatatusubiri mpaka mizani irekebishwe.