ULUWATU: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Leo nataka kuwachukua safari ya siku moja bila nauli, bila pasipoti, na bila kumwomba ruhusa mwalimu wa zamu. Tunakwenda Uluwatu, katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia. Mimi mwenyewe sijakanyaga huko. Nauli ya ndege si mchezo kwa mwanafunzi wa kutwa. Haya nitakayoyaeleza nimeyakusanya kwa kusoma, na kilichonisukuma kusoma ni lile jina lenyewe.

Mswahili akilisikia neno Uluwatu hudhani linahusu watu. La hasha! Katika lugha za huko, ulu ni kichwa au ncha, na watu ni jiwe. Kwa hivyo Uluwatu ni ncha ya jiwe, au tuseme mwisho wa jabali. Wenyeji wa Madagaska nao huliita jiwe vato. Mfanano huu haukutokea kwa bahati. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mabaharia kutoka visiwa vya Indonesia waliivuka Bahari ya Hindi wakafika Madagaska, na hadi leo Kimalagasi ni ndugu wa lugha za kule. Hata ngalawa yetu, yenye mrengu kila ubavu wa kuizuia isipinduke, wataalamu wengi huihusisha na mashua za visiwa hivyo. Mvuvi wa Bali ana chombo chake kiitwacho jukung, nacho kina mirengu miwili vile vile. Basi msiseme nawapeleka ugenini. Nawapeleka ng'ambo ya bahari ile ile inayotuosha miguu hapa Kwale.

Hebu kwanza tuijue ardhi yenyewe. Kusini kabisa mwa Bali kuna rasi iitwayo Bukit, maana yake kilima. Mawe yake ni ya chokaa, yaliyotokana na matumbawe yaliyoishi baharini zamani za kale, kisha ardhi ikainuka juu ya maji. Sisi wa pwani tunayajua mawe ya namna hiyo, kwani ndiyo yaliyojenga Fort Jesus na nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa. Tofauti ni kimo. Kwetu mwamba wa ufuoni ni wa mita chache tu, lakini hekalu la Uluwatu limekaa kama mita 70 juu ya bahari. Hiyo ni kama minazi mitatu mirefu, mmoja umesimamishwa juu ya mwingine!

Tena mawe ya chokaa hayashiki maji. Mvua ikinyesha hupenya na kupotelea chini. Ndiyo sababu Bukit ni pakavu, ilhali sehemu nyingi za Bali zinasifika kwa mashamba ya mpunga yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. Naomba mlishike jambo hili la maji, maana tutalihitaji baadaye.

Sasa twende. Kutoka uwanja wa ndege hadi Uluwatu ni kilomita 20 hivi. Treni hakuna, kwa hivyo mgeni hukodi gari na dereva wake kwa siku nzima, nao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Asubuhi ni ya fuo. Upande wa kusini kuna Melasti na Pandawa, ambako jabali jeupe limekatwa ili barabara ishuke hadi mchangani. Upande wa magharibi kuna Bingin, Padang Padang na Suluban. Padang Padang unaingia kwa kushuka ngazi ndani ya ufa mwembamba wa mwamba, na Suluban unapita katika pango. Fuo nyingi za Bali zina mchanga mweusi kwa sababu kisiwa kina milima ya volkano. Huku Bukit mchanga ni mweupe kwa kuwa ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi.

Mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa habari za maji kupwa na kujaa, lakini mgeni anahitaji. Maji yakijaa, mchanga wa Suluban humezwa, hakuna pa kukanyaga. Yakipwa, miamba yenye makali hutokeza. Atakayejitoma bila kuwauliza wenyeji, shauri yake.

Na yale mawimbi je? Mengi huzaliwa na dhoruba za mbali sana, kusini mwa Bahari ya Hindi. Husafiri maelfu ya kilomita yakiwa kama migongo mirefu ya maji, kisha yakigonga mwamba wa matumbawe yanainuka na kupasuka. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, pepo za kusi mashariki huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, zikayashikilia mawimbi yakasimama wima kabla ya kuanguka. Mwaka wa 1972 filamu moja ya Australia, Morning of the Earth, iliwaonyesha vijana wakiteleza juu ya mawimbi ya Uluwatu. Tangu hapo dunia nzima imeijua njia. Kumbukeni pia neno Melasti. Hilo ni jina la ibada ya Wabali ya kuvipeleka vitu vyao vitakatifu baharini vikatakaswe, kabla ya Nyepi, yaani siku yao ya kimya ya mwaka mpya. Ufuo ambao mgeni anautandikia taulo, mwenyeji anauendea kwa dua.

Jua likianza kupoa, mgeni hupanda hekaluni. Indonesia ni nchi yenye Waislamu wengi kupita nchi nyingine zote, lakini Wabali wengi ni Wahindu. Kwa mapokeo yao, hekalu hili lilianzishwa na mwalimu wa dini aitwaye Mpu Kuturan katika karne ya 11. Katika karne ya 16 akaja kuhani kutoka kisiwa cha Java, Dang Hyang Nirartha, akaliendeleza, na inaaminiwa kwamba ni hapo hapo roho yake ilipoiaga dunia. Uluwatu huhesabiwa miongoni mwa mahekalu makuu sita ya Bali, na kazi yake ni kukilinda kisiwa upande wa kusini magharibi. Kila baada ya siku 210 wenyeji hufanya sherehe ya kuadhimisha kuwekwa kwake.

Mlangoni mgeni hafunguliwi hivi hivi. Ni lazima afunge kitambaa kiunoni, kama sisi tunavyofunga kikoi au leso, kisha ajifunge mshipi wa nguo. Ua la ndani kabisa ni la wanaosali peke yao. Uwe tajiri, uwe nani, hapo unasimama nje ukatazama lango la mawe lililochongwa, na bahari nyuma yake ikinguruma. Ajabu ni kwamba hekalu linaitazama bahari upande wa magharibi. Sisi huku jua hutuchomozea kutoka Bahari ya Hindi, wao huwatulia ndani yake. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka jabali lile kuelekea magharibi, unatokea karibu na Kilwa!

Lakini we mgeni, usiduwae! Juu ya kuta wamekaa kima wenye mikia mirefu, na wenyeji huwahesabu kuwa walinzi wa hekalu. Walinzi gani hao bwana, wanaoiba? Kima huruka begani, akanyakua miwani au simu, akakaa kando akikutazama. Hali miwani. Anangoja mtumishi wa hekalu amletee tunda, na akilipokea ndipo aachilie. Watafiti wakiongozwa na chuo kikuu cha Lethbridge cha Kanada walichapisha matokeo yao mwaka wa 2021. Waliona kwamba kima wakubwa hupendelea vitu ambavyo binadamu anavithamini zaidi, kama simu, kwa sababu vinalipiwa vizuri, ilhali wadogo hunyakua chochote. Ujanja huo hawazaliwi nao, hujifunza wakiwa wanakua. Kima wetu wa Diani huingia jikoni wakala ndizi wakenda zao. Wa Uluwatu wamekuwa wachuuzi.

Magharibi ikikaribia, mgeni huketi kwenye ngazi za duara kutazama ngoma ya kecak. Hakuna ngoma ya kupigwa wala zumari. Makumi ya wanaume hukaa chini wakiwa wameacha vifua wazi, wakiitikia "chak, chak, chak" kwa zamu mpaka sauti zikawa kama mvua ya mawe juu ya mabati. Katikati huigizwa kisa cha Ramayana: Rawana amemteka Sita, mke wa Rama, na Hanoman, kima mweupe, anakwenda kumwokoa na kuupiga moto teke. Watu wengi hudhani ngoma hii ni ya kale na kale. Kwa kweli iliundwa katika miaka ya 1930 na wachezaji wa Bali, akiwemo Wayan Limbak, pamoja na msanii Mjerumani Walter Spies, kutokana na ibada ya zamani ya kupandisha pepo. Ibada yenyewe ilibaki ya wenyeji, na ngoma ikapewa mgeni aitazame.

Hapo siku ya mgeni imekwisha, anarudi hotelini na picha zake. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Uluwatu anapona?

Ukweli ni kwamba wengi wanapata riziki: madereva, wachuuzi, wapishi, wachezaji wa kecak. Hata hivyo, Bali ina watu milioni nne na kitu, na mwaka wa 2024 ilipokea wageni wa kigeni zaidi ya milioni sita. Mwaka huo huo serikali ya kisiwa ilianza kumtoza kila mgeni wa kigeni rupia 150,000 za kulinda utamaduni na mazingira. Sasa lile jambo la maji ndilo hili. Ardhi ambayo haiwezi kushika maji imejengwa hoteli zenye vidimbwi vya kuogelea, na malori hupanda kilima yakipeleka maji. Jabali lenyewe nalo lilionekana lina nyufa. Mwaka wa 2024 zilianzishwa kazi za kuliimarisha chini ya hekalu, na watu wakalalamika walipoona mawe ya jabali yakiporomoshwa baharini.

Kubwa zaidi lilitokea Bingin mnamo Julai 2025. Serikali ilianza kubomoa majengo zaidi ya 40 yaliyokuwa yameshikilia ubavu wa jabali: mikahawa, vyumba vya wageni, vibanda. Ilisema yamejengwa bila idhini juu ya ardhi ya serikali. Wenye nyumba walilia na kulalamika, kwani wamo waliokuwa wakiishi kwa wageni kwa miaka mingi mbele ya macho ya wakubwa hao hao.

Nimeyapima mambo haya mawili, hekalu la juu na ufuo wa chini, nikaona tofauti moja. Hekaluni, sheria ilimtangulia mgeni. Alipofika alikuta mlango, kitambaa na ua asiloweza kuingia, naye akatii, tena akafurahi. Ufuoni, mgeni aliitangulia sheria. Alifika kukiwa hakuna mlango, kila mtu akajenga alivyoweza, na sheria ilipokuja ilikuja na nyundo. Na nyundo haikumwangukia mgeni. Yeye alikwisha panda ndege.

Wenzangu, mnadhani hayo ni ya Bali peke yake? Sisi tunayo Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo ulio hatua chache kutoka ufuoni. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Mgeni akitaka kuingia Kinondo hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, akaongozwa, na hatoki na hata jani kavu. Tazameni jinsi wazee wa pande mbili za bahari, wasiojuana kabisa, walivyofikia wazo moja: kabla mgeni hajaona, afungwe nguo, ajue ameingia kwa mtu. Kuna wanaosema huo ni ushamba wa kizamani. Mimi naona ndio ufunguo wa nyumba. Mgeni hachukii kuambiwa "hapa usipite". Anayechukia basi huyo hakuja kututembelea, alikuja kutununua.

Wengi wetu tukimaliza Kidato cha Nne tutafanya kazi za wageni. Tutakuwa waongozaji, wapishi na mabaharia wa kuwapeleka kutazama pomboo. Hakuna aibu katika kazi hiyo. Aibu ni kuifanya bila kujua mlango wa nyumba yetu uko wapi.

Kwa hivyo nina ombi moja kwa mlezi wa chama na kwa wanachama wote. Ziara yetu ya mwakani iwe Kinondo, twende na madaftari, tuwaulize wazee wa kaya sheria zao moja moja na sababu ya kila moja, kisha tuzichapishe katika jarida hili hili kwa Kiswahili na Kidigo. Kalamu yangu naiweka hapa. Nani atakuwa wa kwanza kujiandikisha?